Mabango Matatu ya Wadudu

Jumatatu, 21 Oktoba 1974

Karatasi ya serikali, wino wa serikali, kinyaa changu mwenyewe. Nitaandika humu kila nikirudi kutoka Nakasero nimechefuka, na daftari nitalificha kwenye debe la unga. Anayelijua ni mama tu.

Leo nimeanza kazi katika Kamati ya Majina ya Elimu. Tangu Kiswahili kitangazwe lugha ya taifa, wakubwa wanataka kila elimu inayofundishwa vyuoni ipewe jina la Kiswahili. Wameniazima kutoka chuo cha ualimu kwa sababu nililelewa Mombasa, baba yangu, Sajini Sebit, alipokuwa huko na kikosi chake. Tunakutana Nakasero, katika nyumba ya Mhindi aliyefukuzwa. Picha za miungu yake zimeondolewa ukutani, alama zake zimebaki. Sebuleni mna bembea kubwa ya mbao yenye minyororo ya shaba, na mwenyekiti wetu, Kapteni Wahabi, ameifanya kiti chake. Anaongoza mkutano akipembea, kwii, kwaa, huku anatafuna karanga na kudondosha maganda kwenye zulia la watu.

Wajumbe wengine ni wawili. Kasim, mwalimu wa jiografia, Mnubi wa Bombo kama sisi, ana kanzu safi na ulimi laini, ananiita dada. Namshukuru Mungu yupo. Wa pili ni Daktari Ocen, mtu wa Lira, mtaalamu wa wadudu, ameletwa atushauri upande wa sayansi. Koti lake linanuka nafthalini, ile dawa nyeupe ya kuzuia wadudu sandukuni. Tulipokuwa tunakunywa chai alitoa mfukoni kopo la dawa, akatuonyesha mende aliyekufa, tena kwa fahari. Mandazi yangu nimeyaacha.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Tumeyapitia majina: sarufi au nahau, historia au tarehe kama walivyosema wazee. Kapteni amesinzia, bembea ikaendelea peke yake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimegombana na Daktari Ocen. Nilikuwa nimeleta visawe vya kila elimu, maana sitaki wageni wadhani tunababaisha. Tiba, utabibu, uganga. Hesabu na hisabati. Kwa wadudu wake nilimletea majina matatu: Elimu ya Wadudu, Taaluma ya Vidudu, na Entomolojia kwa wanaopenda harufu ya Ulaya. Badala ya kushukuru akakunja uso.

"Mwalimu, kwa sisi watu wa sayansi ni kitu moja, jina moja," alisema. "Hii ingine ya nini? Mwanafunzi atachoka bure."

Nikamjibu kwamba Kiswahili hakina njaa, Daktari, na mwenye nguo tatu halazimiki kutembea na moja. Kasim akacheka na kupiga meza. Ocen alirudisha kopo lake mfukoni. Mtu mkavu, bahili hata wa maneno ya wenzake. Nimetoka nikiwa nimeshinda na nimefurahi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sokoni Nateete. Baada ya wiki nzima kamatini ulimi uliteleza, nikauliza bei ya nyanya kwa Kiswahili badala ya Kiganda. Mwanamke wa watu akainamisha macho, akajaza kikapu changu, akasema nichukue tu. Kiswahili kwake ni sauti ya askari mlangoni. Nilimlazimisha apokee pesa akazidi kuogopa. Nimebeba nyanya hizo hadi nyumbani nikiona haya kama mwizi.

Anayenijibu kama binadamu ni Kavugho peke yake, muuza mawese kutoka Beni, upande wa pili wa mpaka. Kwake Kiswahili ni cha kuuzia na kutukania tu.

Jumatatu, 4 Novemba

Kasim ameinakili orodha upya kwa mwandiko wake mzuri. Kila kisawe amekipa mstari wake na nambari yake, ili ipendeze. Kweli ilipendeza. Niliona maneno yangu yamejipanga marefu, kurasa kwa kurasa, nikafurahi tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Kapteni ameisoma orodha redioni. Amesema nchi yetu sasa ina elimu themanini na tisa, kila moja kwa Kiswahili. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Themanini na tisa," akasema, "na dawa ya kikohozi hospitalini hamna."

Jumatatu, 11 Novemba

Nsenene, wale panzi wa kuliwa, zimeingia mjini. Asubuhi ukuta wa nyumba ya kamati ulikuwa kijani, na walinzi wameacha bunduki zao wanajaza makofia. Kapteni hakuja. Kasim alikwenda kumtafuta.

Nimebaki barazani na Daktari Ocen, na leo nimemwona mtu mwingine. Aliokota nsenene mmoja wa kijani na mmoja wa kahawia, akanieleza kwamba ni ndugu wa aina moja, wanatofautiana rangi tu kama watoto wa tumbo moja. Akanionyesha jinsi dume anavyoimba kwa kusugua bawa kwa bawa. Kisha akazichuna mbawa na miguu taratibu, akaniambia nimpelekee mama akaange na vitunguu.

Nikamuuliza kwa nini bado yuko hapa. Akasema idara yao ilikuwa na watu. Wazungu walikwenda kwao, Wahindi walifukuzwa, wawili walitorokea Nairobi, na mmoja aliitwa kwenye simu, akaacha miwani mezani, hakurudi. Miwani ipo mpaka leo. Mkewe, Apio, na watoto amewapeleka Lira. Yeye amebaki kwa ajili ya makasha. Wadudu waliokusanywa tangu enzi ya babu zetu, kila mmoja na pini yake.

"Nikienda, nani ataweka nafthalini?" aliniuliza. "Sisimizi watakula wote kwa mwezi moja."

Niliwahi kudhani ile ni harufu ya ubahili. Nimeona haya.

Jumamosi, 16 Novemba

Amri ilitoka juu: kila elimu iliyotajwa redioni itoke na mkuu wake kwenye gwaride la tarehe saba Desemba, mkuu amebeba bango lenye jina la elimu yake. Leo yalikuwa mazoezi. Uwanja ulikuwa tope tupu. Wasomi wachache waliobaki nchini walipangwa mistari katika majoho yao, na koplo mmoja akawafundisha kuinua magoti. Mzee wa sheria aliteleza akaanguka juu ya bango lake. Askari wakacheka, na hakuna aliyemwinua mpaka koplo aliporuhusu.

Mabango yalikuwa mengi kuliko watu, na hapo ndipo nilipoelewa. Mchoraji alikuwa amechora bango moja kwa kila mstari wa orodha. Sarufi lake, nahau lake. Tiba lake, utabibu lake. Penye miti hapana wajenzi: mapengo mengine yalikuwa yamezibwa kwa makarani na mashemeji, na bango la Falaki lilibebwa na dereva wa wizara anayenileta kazini. Wadudu walikuwa na mabango matatu. Daktari Ocen alishika la kwanza. La Entomolojia lilishikwa na Kasim, mwalimu wa jiografia, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi. La Taaluma ya Vidudu lilikuwa limelala matopeni.

Kapteni Wahabi alilisogeza kwa buti. "Hii ya vidudu, mtu yake iko wapi?"

"Afande, ni mimi," akasema Ocen. "Zote tatu ni mimi. Hiyo ni kitu moja, imeitwa majina tatu."

"Mtu moja, bango tatu?"

"Ndiyo, afande."

Kapteni akamgeukia Kasim. "Mwalimu, wewe iko na hii Entomolojia. Ni kitu moja na ya Daktari?"

Kasim alikuwapo siku nilipoyaleta majina hayo, alicheka na kupiga meza. Leo alisafisha koo, na kwa sauti ileile anayoniitia dada akasema, "Hapana, afande. Yangu ni ingine kabisa. Na huyo wa tatu, nimesikia ni mtu wa kwao Daktari. Nafikiri ametoroka, na Daktari anamficha."

Alisema hivyo ili asinyang'anywe ubao wenye rangi. Hakuna aliyemlazimisha.

"Daktari," Kapteni akasema, pole kabisa, "lete mtu yako mbele ya Jumatatu ingine. Hapana leta, watu ya ofisi watakuja kukuuliza wao."

Kila mtu mjini anajua watu wa ofisi huulizaje. Huja na gari lisilo na namba, na anayeulizwa huingizwa nyuma, penye mizigo, harudi. Ocen alifuta tope kwenye lile bango la tatu kwa mkono wa joho lake, akaliegemeza vizuri. Mimi niliyatunga majina yale. Nilisimama nimeshika mwavuli wangu.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda kwa Kapteni kabla wengine hawajafika. Nikamweleza yote: kwamba elimu ya wadudu ni moja, kwamba visawe nilivileta mimi, kwamba Daktari hamfichi mtu kwa sababu hakuna mtu.

Aliisimamisha bembea kwa mguu. Sijapata kuisikia sebule ile ikiwa kimya.

"Mwalimu, wewe unafikiri mimi mjinga? Hata mtoto anajua tiba na utabibu ni kitu moja. Mimi nilijua siku ile ile. Lakini nimesema kwa redio themanini na tisa. Wakubwa wamefurahi, wameambia mabalozi. Sasa niende niseme hapana, ni thelathini?" Alimenya karanga. "Mtu kupotea, hiyo kitu rahisi. Hesabu kupotea, hiyo ni kichwa yangu mimi."

Mpaka leo nilikuwa namdharau kwa ujinga, na dharau ilinisaidia kuvumilia. Kumbe hana ujinga hata chembe. Ameweka mtu upande mmoja na nambari upande mwingine, akachagua huku anatafuna.

Kisha akaninyooshea kiganja. "Karibu karanga."

Nilizipokea. Nilizila mbele yake, nikasema ahsante. Nimeshapiga mswaki mara nyingi na bado nazisikia mdomoni.

Jumanne, 19 Novemba

Sokoni Kavugho alikuwa anawatukana askari wa njiani. Jumamosi anarudi Beni na lori la mapipa matupu, na kila kizuizi wanataka chao. "Mutu mwenye karatasi ya mhuri anapita kama maji," alisema. "Asiye nayo anapashwa kulia."

Nimekuja nayo nyumbani, ile karatasi ya mhuri, kichwani. Kapteni hataki mtu. Anachotaka ni bango lisionekane tupu.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia Kapteni kwamba mkuu wa Taaluma ya Vidudu amepatikana. Hakutoroka. Yuko kazini magharibi, anafuatilia nsenene zinatoka wapi, ili serikali ijue. Anaomba kibali kipya, cha zamani kimekwisha muda.

"Anaitwa nani?"

"Sebit, afande."

Jina la marehemu baba ndilo lililonijia.

"Sebit. Jina ya kwetu. Nzuri." Akatia sahihi juu ya goti, akagonga mhuri, kibali kikabaki na alama ya mafuta ya karanga. "Aende mpaka wapi?"

"Mpaka zinakoishia, afande."

Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo akasema, "Sasa Daktari alinidanganya. Mbele ya askari yangu alisema zote tatu ni yeye, kumbe mtu iko. Mtu anadanganya kwa gwaride, lazima aulizwe. Jumatatu."

Na bembea ikaendelea, kwii, kwaa.

Ya Rabi. Nimeponya bango, nimemwua Daktari. Mtu pekee aliyesema kweli pale uwanjani, mimi ndiye niliyemfanya mwongo, na mhuri upo wa kuthibitisha.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimemfuata Daktari chuoni kwake. Alikuwa anaweka nafthalini. Nikamwekea kibali mezani, karibu na ile miwani, nikamwambia kwamba Jumamosi anakwenda Beni naye anaitwa Sebit.

Alikisoma polepole. "Taaluma ya Vidudu," akasema. "Basi hii ya tatu imepata kazi."

Kisha akakataa. Makasha. Nikamwambia nitayatunza. Akanieleza kiasi cha nafthalini kwa kila kasha, akanikaririsha tena na tena kama mtoto wa darasa la pili, na safari hii nilinyenyekea. Nilipomwomba radhi kwa majina yangu matatu, alitikisa kichwa.

"Jina haiui mtu, Mwalimu. Wewe ulileta nguo. Wao ndio wamevaa."

Sijui kama ni kweli. Ninaitaka iwe kweli.

Jumamosi, 23 Novemba

Asubuhi mama alitoa sandukuni kofia ya baba, ile nyeupe ya darizi, akamvisha Daktari kwa mikono yake. "Inamisha kichwa, Sebit," alimwambia. Hajalitamka jina hilo tangu tulipomzika baba.

Kavugho alimkagua kutoka juu hadi chini. "Anapashwa kubeba kitu. Mutu wa bidudu bila bidudu, nani ataamini?" Akampa kikapu cha nsenene hai kilichofunikwa jani la mgomba. Lori liliondoka nao Nateete likielekea Masaka, njia ya Beni. Koti la nafthalini ameniachia.

Jumapili, 24 Novemba

Hakuna habari.

Jumatatu, 25 Novemba

Watu wa ofisi walikwenda kwake wakakuta mlango umefungwa. Hasira zao wakazipeleka chuoni. Nilifika mchana na nafthalini yangu, nikakuta makasha yamemwagwa uani, kwenye mvua. Vioo wamevichukua, na visanduku vidogo askari mmoja alikuwa anatia sigara. Vipepeo walikuwa wamelowa wakawa kama majani ya chai. Na sisimizi walikuwa wameshafika, kama alivyosema. Nilisimama pale nikalia kwa hasira, na askari akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole, "Mama, umepoteza nini?"

Jumatano, 27 Novemba

Kapteni hakuuliza Daktari amekwenda wapi. Aliuliza bango lake litabebwa na nani. Kasim aliangalia kucha zake.

"Wewe, Mwalimu," Kapteni akasema. "Majina ni yako."

Tulipotoka Kasim alinifungulia mlango. "Hongera, dada. Sasa sisi ni jirani." Alinuka marashi. Heri nafthalini.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimelibeba. Nilivaa joho la mtu mwingine, nikainua magoti kwa amri ya koplo, Elimu ya Wadudu juu ya kichwa changu, Kasim na Entomolojia yake kulia kwangu. Bango la tatu lilibebwa na mpishi wa mess ya askari, na Kapteni akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mkuu wake yuko kazini magharibi. Mabalozi walipiga makofi. Barabarani watu walikuwa wamepangwa tangu asubuhi. Nilimwona yule muuza nyanya wa Nateete. Alinitambua, akainamisha macho, na safari hii sikuwa na la kujitetea.

Jumatano, 11 Desemba

Kikohozi. Sikwenda kazini. Mama amenikanda kwa mafuta.

Jumamosi, 14 Desemba

Kavugho amerudi. Aliniita nyuma ya mapipa, akanirudishia kofia ya baba imekunjwa kwenye gazeti.

"Mutu yako alifika, mama. Kwa kizuizi ya mwisho askari aliuliza, hii kazi ya vidudu ni nini? Basi akaanza. Akaeleza mabawa, akaeleza miguu, akaeleza mayai, akafungua kikapu. Askari akachoka. Akasema, enda, enda na nsenene zako." Alicheka mpaka akashika kiuno. "Sasa anafundisha kwa shule ya misheni, karibu na kwetu. Bibi yake iko njiani na watoto."

Nikamuuliza anafundisha somo gani.

"Bidudu."

"Bidudu tu?"

"Sasa ingeitwa nini ingine?"

Nilikaa juu ya pipa. Nilicheka, kisha nikalia kidogo, na Kavugho akaniuzia mawese kwa bei ya ulanguzi, bila huruma, akabishana nami kwa kila senti. Sijasikia Kiswahili kitamu hivyo tangu Oktoba.

Jumapili, 15 Desemba

Mvua zinaisha. Nsenene nazo hazipo, ila mbawa zilizokauka kwenye mifereji.

Kapteni amepandishwa cheo kwa sababu ya gwaride. Sasa anataka elimu zifike mia kabla ya Januari, na ameniagiza nimletee kesho visawe vya falaki. Ninavyo. Kuna unajimu, kuna elimu ya nyota, na kuna kingine nilichofundishwa na bibi mmoja wa Mombasa aliyekuwa akinisuka nywele, neno ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote. Jioni hii nimeyatamka jikoni moja baada ya jingine, mama ananisikiliza, na yote ni mazuri.

Kesho nitamwambia hayapo. Nitasimama mbele ya bembea yake nimwambie kwamba Kiswahili ni lugha maskini, afande, na kina njaa.